Subira Yavuta Heri, Lakini Iwe na Tarehe

Kama bado uko peke yako usijali, ya leo yanakuhusu hata zaidi, maana utajua la kuuliza kabla hujaingia.

Leo tuongee kuhusu uchumba unaokufa taratibu, bila ugomvi na bila mtu wa tatu. Mnapendana, mmetoka mbali, tangu chuoni mkila chipsi sahani moja. Sasa mmemaliza. Wewe umepata kazi, tuseme ofisi moja kule bandarini au benki mjini, na umepanga chumba Chumbageni. Yeye cheti anacho, tena kizuri tu, lakini kila saa kumi jioni yuko uwanjani na begi lake la viatu. Anasema msimu huu lazima asajiliwe. Msimu uliopita alisema hivyohivyo. Na kule Ngamiani shangazi yako hana habari na misimu: "Mwanangu, huyo mgosi wako analeta barua lini?"

Utamjibu nini? Kwamba mwenzio anasubiri dirisha la usajili?

Nimeandika kana kwamba mchezaji ni kaka na anayesubiri ni dada. Siku hizi si lazima iwe hivyo. Akina dada nao wanasajiliwa, na wapo akina kaka wanaosubiri huku wakichekwa kijiweni. Maumivu ni yaleyale. Watu wa Tanga tunasifiwa kwa mahaba, wageni wanakuja leo na kuondoka wanasahau, lakini hata mahaba ya Kitanga hayalipi kodi ya nyumba.

Twende mbali kidogo

Naomba nikupeleke kwenye besiboli, ule mchezo tunaouona zaidi kwenye filamu, halafu nitakurudisha Mkwakwani. Sababu yangu ni moja. Kwenye soka letu safari ya mchezaji mara nyingi ni ya minong'ono: nani ameonekana, nani ana wakala, dau ni kiasi gani. Yote tetesi. Besiboli ya Marekani ngazi zake zina majina, na kima cha mshahara wa kila ngazi kinajulikana. Ukitaka kujua ndoto ya michezo inakula miaka mingapi na fedha kiasi gani, kule hesabu iko mezani.

Na katika besiboli namchukua mtu mmoja tu, mdakaji. Ni kama golikipa wao. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, usoni kavaa kinyago cha vyuma, kifuani ngao, mkononi glavu nene. Mrushaji yuko mbele yake kama mita 18, anavurumisha mpira unaoweza kufika kilomita 150 kwa saa, na kwa mchezo mmoja anadaka zaidi ya mara mia. Yeye ndiye anayempa mrushaji ishara arushe mpira wa namna gani. Mambo yakienda vizuri anasifiwa mrushaji. Mpira ukimpita, uwanja mzima unamtazama yeye.

Unamjua mtu wa aina hiyo, au siyo? Ni yule anayebaki nyuma akipanga kila kitu wakati mwenzake anapigiwa makofi.

Kutoka chuo mpaka mshahara

Kijana anayedaka kwenye timu ya chuo Marekani anaanzaje? Kwanza, usidhani kila anayecheza chuoni analipiwa ada yote. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa masomo 2024/25, vyuo vya daraja la kwanza viliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 tu kwa timu nzima ya besiboli, nao ukagawanywa kwa wachezaji zaidi ya ishirini. Huyu nusu, yule robo, mwingine hana kitu. Vyuo vya daraja la tatu havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Wazazi wanachanga, kijana anafanya vibarua.

Pili, kila Julai timu 30 za ligi kuu zinachagua vijana kwa zamu, raundi 20. Ni majina kama 600 kwa mwaka, kutoka sekondari na vyuo vya nchi nzima. Aliye kwenye chuo cha miaka minne kwa kawaida anasubiri amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21 ndipo achaguliwe.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kuchaguliwa si kufika. Unaanzia madaraja ya chini. Unapanda ngazi moja, mbili, tatu, nne, na timu inaweza kukuacha wakati wowote. Mpaka mwaka 2022 kima cha ngazi ya mwisho chini kabisa kilikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Wengi walikuwa wanatafuta kazi nyingine msimu ukiisha. Mwaka 2023 ndipo wachezaji wa madaraja ya chini walipopata mkataba wa kwanza wa pamoja kupitia chama chao, kima kikapanda hadi dola 19,800 kwa ngazi ya chini na 35,800 kwa ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Na ligi kuu yenyewe? Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa dola 760,000. Yaani hatua moja ya mwisho inazidisha mshahara wako zaidi ya mara 20.

Sasa unaelewa kwa nini mtu anakataa kuacha. Amefika mlangoni, anasikia harufu ya pilau, utamwambiaje ageuke?

Wadakaji wawili

Chukua mfano wa Buster Posey. Alisoma chuo kikuu cha Florida State, na hakuanza kama mdakaji. Mwaka wa pili makocha walimbadilisha namba, akakubali kwenda kuchuchumaa. Juni 2008 timu ya San Francisco Giants ikamchagua, wa tano nchi nzima, akasaini kwa dola milioni 6.2. Septemba 2009 akawa ameshacheza ligi kuu, mwaka mmoja tu na ushee. Mwaka 2010 timu yake ikatwaa ubingwa.

Lakini kuna tarehe nyingine ambayo sisi wa ukurasa huu tunaipenda zaidi. Januari 2009 Posey alimuoa Kristen, mpenzi wake tangu sekondari. Wakati huo alikuwa bado hajagusa ligi kuu. Najua unacheka, unasema na milioni 6.2 hata mimi ningeoa. Sawa. Ila ona yaliyofuata. Mei 2011 mpinzani alimgonga akiwa analinda eneo lake, mguu ukavunjika, kano za kifundo zikachanika, msimu ukaishia hapo. Aliporudi 2012 alichukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake na ubingwa wa pili. Mwaka 2020 yeye na mkewe waliasili mapacha wa kike waliozaliwa kabla ya wakati, na kwa sababu ya korona akaacha msimu wote ili awe nao salama. Mwishoni mwa 2021, akiwa na miaka 34 na bado anacheza vizuri, akastaafu. Alisema mwili unauma na anataka muda na familia.

Sasa chukua Erik Kratz. Naye mdakaji, naye wa chuo, ila chuo kidogo, Eastern Mennonite kule Virginia, daraja la tatu. Mwaka 2002 timu ya Toronto ilimchagua raundi ya 29. Enzi hizo raundi zilikuwa 50. Leo ziko 20, kwa hiyo Kratz wa leo asingetajwa kabisa. Alianza kupanda na kushuka ngazi, mabasi usiku, miji midogo, timu moja inamchukua na nyingine inamwacha. Alicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu Julai 2010, akiwa na miaka 30. Miaka minane, mpenzi msomaji. Baada ya hapo akazunguka timu kadhaa mpaka alipostaafu 2020.

Ukisoma habari za Kratz leo unasema subira yavuta heri. Kweli. Lakini mwaka 2006, miaka minne ndani na hakuna dalili, nani angejua kama anaandika hadithi ya ushindi au anapoteza ujana? Hakuna. Na kwa kila Kratz mmoja wapo wengi waliosubiri miaka ileile na simu haikulia. Hao hawahojiwi popote.

Ndiyo maana simwambii mtu avumilie tu. Posey na Kratz wote walikuwa na kipaji na wote walijituma. Huwezi kujua mwenzi wako ni yupi kati yao, au kama ni yule wa tatu asiyejulikana. Unachoweza kukijua ni nyinyi wawili mmekubaliana nini.

Hata kwa majirani, hata kwetu

Usiseme haya ni ya Wazungu. Uganda wanacheza besiboli kweli. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu ya kasoro kwenye nyaraka zao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakaenda, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wakasaini na Los Angeles Dodgers. Kijana wa huku ambaye hasomi Marekani hapiti kwenye uchaguzi ule wa Julai, anasaini moja kwa moja.

Na yupo mdakaji, Dennis Kasumba. Video zake akifanya mazoezi kwenye vumbi la Uganda, na matairi na vifaa vya kujitengenezea, zilitazamwa na mamilioni ya watu. Mwaka 2023 akaenda Maryland kuchezea Frederick Keys, kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kuonekana, akakaa benchi moja na vijana waliotoka kwenye vyuo vikubwa. Uchaguzi wa Julai ule ulipita bila jina lake kutajwa. Alifika mbali kuliko ambavyo wengi wangethubutu kuota, na bado mlango wa mwisho haukufunguka siku ile. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Kwetu Tanzania besiboli ni changa. Ilianza kushika shuleni Dar es Salaam mwaka 2012 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari. Lakini njia ya chuo mpaka mchezo wa kulipwa tunaijua kupitia kikapu. Hasheem Thabeet alitoka Dar akaenda kusoma Marekani, akachezea chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili nchi nzima, Mtanzania wa kwanza NBA. Februari 2010, miezi michache tu baadaye, timu yake ikamshusha ligi ya chini kwa muda. Baadaye alicheza mpaka Japani na Taiwan. Mchezo ulimpa maisha, ila si kwa ramani aliyochorewa siku ile ya kuchaguliwa.

Turudi Mkwakwani

Hapa Tanga ngazi zetu tunazijua. Unaanza mtaani, unaingia timu ya vijana, ukibahatika unavaa jezi ya Coastal Union, mabingwa wa mwaka 1988, au ya wakongwe African Sports. Kutoka hapo Dar. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal akaenda Yanga mwaka 2020. Abdi Banda alipita Coastal, akaenda Simba, na mwaka 2017 akavuka kwenda Baroka ya Afrika Kusini. Njia ipo, siyo hadithi. Ila ni nyembamba kama ile ya mdakaji, tena golini ndiyo balaa zaidi, maana anadaka mmoja na wengine wanakaa benchi.

Kwa hiyo kaeni kitako. Siyo kwa simu, siyo kwa meseji, na siyo siku timu imefungwa. Tafuteni jioni tulivu, Raskazone upepo unapunga, na muongee haya:

1. Tarehe. Misimu mingapi? Taja namba. "Mpaka mambo yakae sawa" siyo tarehe. Semeni, kwa mfano, misimu miwili, na mkubaliane dalili za kusonga mbele ni zipi: ameitwa majaribio na timu gani, amepanda daraja, anapata dakika ngapi uwanjani. Tarehe ikifika na dalili hakuna, mnakaa tena. Kukaa tena siyo kuachana.

2. Mfuko. Nani analipa kodi, nani nauli ya kwenda majaribio Dar, nani viatu? Na fedha hiyo ni msaada au mkopo? Semeni sasa hivi, mkiwa mnacheka. Mapenzi yasiyo na hesabu huja kudaiana siku ya ugomvi, mbele ya wazee. Anayesubiri naye abaki na akiba yake, upatu wake na mipango yake. Usimwage mshahara wote kwenye ndoto ya mtu, hata kama mtu huyo unampenda kufa.

3. Cheti. Kisifungiwe kabatini. Mazoezi yanachukua saa tatu kwa siku, siku ina saa nyingi. Kazi ya muda, kujitolea, kozi fupi, mtihani wa bodi, chochote kinachofanya cheti kisipoe. Mwajiri anapoona pengo la miaka minne hataki kusikia habari za dirisha dogo.

4. Karatasi. Wakumbuke watoto wa Kampala mwaka 2011. Waliweza mpira, zikawashinda nyaraka. Je, jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti ni lilelile? Tarehe ya kuzaliwa ni moja? Hapa anayesubiri anaweza kusaidia kuliko mtu yeyote, maana wanamichezo wengi ni wazembe wa mafaili, tuwe wakweli.

5. Mkataba. Akiitwa kusaini, asisaini getini akiwa amesimama. Aje nao nyumbani, usomeni wote wawili, ikiwezekana na mwanasheria. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa kwa kawaida usizidi miaka mitano, na aliye chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Tangu 2018 zinasema pia kwamba klabu ikilimbikiza mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15, na isipolipa ana haki ya kuuvunja. Na ulizeni: akiumia, matibabu ni ya nani? Mguu wa Posey ulivunjika kwa dakika moja, na yeye alikuwa na mkataba uliombeba.

Kwa anayecheza, na kwa anayesubiri

Kaka au dada unayecheza, nakuheshimu. Kipaji ni amana, na kukizika ni dhambi ndogo. Lakini miaka ya mwenzako nayo ni amana. Ukimwambia "nisubiri" bila kumwambia mpaka lini, umechukua kitu ambacho hata ukisajiliwa ulaya huwezi kukirudisha. Na kama una nia naye, mshenga hana haja ya kusubiri Ligi Kuu. Wazee wa Tanga hawadai mahari ya NBA. Wanataka kuona kijana mwenye msimamo na kazi ya mikono yake, hata kama ni ndogo. Nenda kajitambulishe, sema ukweli kwamba unacheza, una cheti, na una mpango. Shangazi akijua mpango, atapunguza maswali. Pengine hata jezi atanunua.

Nawe unayesubiri, unaruhusiwa kusubiri na unaruhusiwa kutosubiri. Ukiamua kubaki, baki kwa moyo mmoja, usije ukamkumbusha kila akikosa namba kwamba umepoteza bahati kwa ajili yake. Ukiona huwezi, sema mapema na kwa heshima. Kuondoka kwa ukweli kunauma mara moja, kubaki kwa kinyongo kunauma kila wiki ya mechi. Usibaki kwa sababu unaogopa atatokea kwenye luninga na watu wakucheke, na usiondoke kwa sababu mashoga zako wameolewa na watu wa ofisini.

Mdakaji na mrushaji wanaelewana kwa ishara, mbele ya maelfu ya watu wasiojua wanaambiana nini. Ila zile ishara hawazibuni uwanjani. Wanakaa pamoja kabla ya mchezo, wanakubaliana kidole kimoja maana yake nini na viwili maana yake nini. Wasipokubaliana, mdakaji anasubiri mpira wa juu na mrushaji anatupa wa chini, na anayeumia anajulikana.

Basi wiki hii msianze na swali la "unanipenda?" Hilo mnalijua. Anzeni na "mpaka lini, na ikifika tutafanya nini?" Tukutane mwezi ujao, na mkipita Mkwakwani Jumamosi, msalimieni golikipa.